Lafudhi yetu Nairobi: tubadili au tuache?

Habari zenu wanajumuiya,

Huu ni mwezi wangu wa pili Nairobi, nimepanga mtaa wa Umoja. Kila nikifungua mdomo dukani naulizwa, "Wewe ni wa Tanzania?" Wengine wanafurahi, wananiomba niendelee kuongea. Wengine nahisi wananipandishia bei. Jumatatu naanza kazi ya mapokezi. Nijifunze kuongea kama wao?

—

Mdogo wangu, karibu.

Nina miaka tisa hapa. Lafudhi usiiguse, badilisha mwendo tu. Sisi tumezoea kuanza na "samahani, naomba kukuuliza", kisha habari za nyumbani, ndipo tunafika kwenye shida. Makanga, yaani konda, wa matatu hana nafasi hiyo. Ukitaka kushuka sema "Shukisha!" na uwe umeshasimama. Sokoni jifunze hesabu yao: mbao ni 20, soo ni 100, thao ni 1,000. Muuzaji akikutajia soo mbili ukajibu papo hapo bila kuuliza maana yake, anajua wewe ni mkazi. Bei ya mgeni inaletwa zaidi na kule kusita.

Mapokezini ni tofauti, huko upole wetu ni mali. Ila wapo watakaokujibu kwa Kiingereza, hasa watu wazima, na usidhani wamekudharau. Kwetu Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967. Kenya kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa mwaka 1985, ulipoanza mfumo wa 8-4-4. Aliyemaliza shule kabla ya hapo huenda hakuwahi kukifanyia mtihani, na mbele ya Mtanzania anaona haya. Mpe muda. Mjibu kwa Kiswahili chepesi, usimsahihishe ngeli.

Hilo la kusahihishana ndilo linaloniuma, nivumilie kidogo. Mimi ni Msukuma wa Mwanza. Kisukuma hakina sauti ya r, na nilipokwenda kusoma Dar es Salaam, nikitamka "balabala" darasa zima lilicheka. Mwaka mzima sikunyoosha mkono. Nimefika Nairobi na mdomo uleule, naambiwa naongea Kiswahili cha Zanzibar! Jirani yangu hapa South B ni Mkikuyu, na lugha yake ina r lakini haina l. Ananiaga "rara sarama", na wanawe wanamcheka kwamba anashrabu, yaani anatamka Kiswahili kwa lafudhi ya kikwao. Namwona akikatisha sentensi katikati, nami najua anachokisikia moyoni, kwa sababu nilikaa na kitu hichohicho Dar.

Kwa hiyo watakapokusifu ofisini kwamba wewe ndiye unayejua Kiswahili, pokea, ushukuru, lakini usikubali kutumiwa kumcheka mwenzako Mluo au Mluhya. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja kwa sababu mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua na kukiacha Kimvita, lahaja ya Mombasa. Wangalichagua Kimvita, leo mimi na wewe ndio tungekuwa tunasahihishwa na watu wa Mombasa.

—

Naongezea kidogo hapo. Mdogo wetu, kuwa mwangalifu na neno "bibi". Hapa watu wengi wakisema bibi wanamaanisha mke. Mwaka wangu wa kwanza nilimwomba mwenye nyumba anisubiri kodi kwa wiki moja, bibi yangu anaumwa Tanga. Akanipa pole nyingi, kisha akauliza watoto nimemwachia nani. Mama mzaa mama hapa ni nyanya, au shosho. Na ukitaka giligilani kwa mama mboga, omba dania.

Shikamoo usiiache. Wapo wazee watakaokukazia macho kwa kutojua waitikie nini. Mzee wa nyumba ya pili kwangu alikuwa hivyo, nikimsalimia ananyamaza. Siku moja nikamweleza kwamba anayesalimiwa huitikia marahaba. Siku hizi nikichelewa kutoka asubuhi namkuta amesimama getini, anasubiri shikamoo yake.