Mazoezini natupa kila mtu, siku ya mechi mikono inakufa. Nifanye aje?

MkandaBluu_66
Wadau wa judo niaje. Mimi ni wa Kayole, judo nimecheza mwaka wa tatu sasa, kundi la kilo 66. Mazoezini niko sawa kabisa, kwa randori (kupigana kwa mazoezi) nabanana hata na wasee wa mkanda mweusi na seoi nage yangu (kumtupa mtu kwa bega) inaingia vizuri tu. Lakini siku ya mechi sijui huwa ni nani anaingia kwa huu mwili. Juzi nimefika ukumbini saa moja asubuhi, tukapanda mizani, nikapasha mwili fiti, halafu nikakaa mpaka saa sita na nusu ndio jina likaitwa. Hapo katikati nimeenda choo mara sita (sita!), nikamwona jamaa wa kupigana na mimi anacheka na wenzake nikasema basi leo nimeisha. Refa kusema hajime (anzeni), nikashika gi yake (nguo ya judo) venye mtu hushikilia chuma ya matatu ikikata kona Jogoo Road, dakika moja haijaisha vidole havifungi tena, nikajipata nimelala naangalia mabati. Ippon, mechi imeisha hapo. Hata sikuona imetoka wapi. Hii ni mara ya nne mfululizo. Kocha ananiambia niache uoga, sasa uoga huachwa aje? Kama kuna mtu amepitia hii asaidie.

TausiWaTatami
Pole kaka. Kwanza hiyo ya choo isikusumbue, mimi nimecheza miaka tisa na bado naenda. Uoga hauachwi, hiyo kocha wako amekuambia tu juu hakuwa na kitu ingine ya kusema, unachofanya ni kuupatia kazi.

Shida yako naiona kwa hiyo chuma ya matatu. Ukiogopa unashika na mkono mzima, misuli inakaza bila kuachilia, na mkono ukikaza hivyo damu haipiti vizuri, ndio maana unakufa haraka hata kama pumzi unayo. Shika na vidole vya mwisho, kidogo na cha pete, hivyo viwili vingine viwe vinalala tu, na nguvu itoke kwa kiwiko. Unajua hiyo tayari, najua umefundishwa, lakini kichwa kikijaa mtu hukumbuka nini?

Kwa hivyo mimi nikiinama pale kwa laini huwa nimebeba kitu kimoja tu kichwani: mkono wangu wa kushoto utatangulia kushika mkono wa gi yake. Basi. Sifikirii kushinda, sifikirii nani amekuja kuniangalia. Nikishapata hiyo grip mwili wenyewe unajua kwenda. Na matte (refa akisimamisha mchezo) ikiitwa usikimbie kurudi mahali pako kama umeitwa na mwalimu mkuu. Tembea, panga gi yako, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, toa kwa sita. Usijivute sana tu, refa asione unapoteza wakati akakupatia shido (adhabu ndogo).

Jiwe_La_Eastlando
Haya mambo ya kuhesabu pumzi ni ya watu hawajafanya mazoezi. Piga uchi-komi (kurudia kuingia kwa mtupo bila kumtupa mtu) mia tatu kila siku, kimbia asubuhi, hutakuwa na time ya kuogopa. Sisi tulicheza bila saikolojia na tukashinda.

BabuWaMkeka
@Jiwe, mazoezi ni lazima, hakuna anayebisha. Lakini Uta Abe alikosa mazoezi? Bingwa wa Olimpiki wa Tokyo, akaenda Paris 2024, raundi ya pili tu akatupwa ippon na Diyora Keldiyorova wa Uzbekistan, akalia pale ukumbini mpaka dunia nzima ikamwona. Sasa kijana, sikiza hii inakuhusu. Kakake Hifumi, kilo 66 kama wewe, alikuwa anacheza siku hiyohiyo. Dadake amelia vile na yeye bado ana mechi za kucheza. Akachukua dhahabu. Hiyo si uchi-komi peke yake.

Sasa turudi kwako, mimi nilichosoma nikashtuka ni hayo masaa tano na nusu ukumbini. Ulipasha mwili saa mbili ukacheza saa sita na nusu, hapo ulicheza baridi. Kwa masaa hayo kula kidogo, lala kama unaweza, geuzia mkeka mgongo, hakuna sheria inasema lazima umwangalie mpinzani akicheka. Pengine naye anacheka juu tumbo linamsokota! Zikibaki mechi tatu nne kabla yako, anza kupasha upya hadi jasho litoke.

Halafu mazoezini mwambie kocha akushtukize. Umekaa umepoa, anakuita jina, unaingia na mtu hujawahi cheza naye, dakika nne kamili na golden score (muda wa ziada mkitoka sare), wengine wamezunguka wakipiga kelele. Na mpatane neno moja la kukuambia wakati wa matte, neno moja tu, juu akikupigia hotuba utasikia mvumo tu.

Swali langu: mwili wako ni kilo ngapi siku ya kawaida?

MkandaBluu_66
Eish. 71. Wiki ya mechi nilikuwa 70, Alhamisi nikaacha maji, Ijumaa nikakimbia na jaketi mbili. Jumamosi nilipanda mizani nikiwa 65.8 nikafurahi sana.

BabuWaMkeka
Si ungeanza na hiyo! Kwa mashindano makubwa ya kimataifa watu hupimwa siku inayotangulia, wanapata usiku mzima wa kunywa na kula. Wewe umepimwa asubuhi ileile ukiwa umekauka kama omena. Mwili bila maji moyo unadunda, kichwa hakitulii, mikono inachoka, na wewe ukadhani zote ni uoga. Mechi ijayo ingia kundi la kilo 73.

Jiwe_La_Eastlando
Hapo kwa maji nakubali. Nilishawahi kuzirai kwa mizani, sikuwaambia.

TausiWaTatami
😂😂 na ulikuwa umejificha nyuma ya uchi-komi mia tatu. Kaka, nenda 73, watakuwa wakubwa kidogo lakini utakuwa na vidole. Na ile choo ya saba ikija, enda tu, beba tishu yako, za ukumbini huisha saa nne.