Kufunga taa za shaba za kale kwenye nyumba ya mawe: naomba ushauri

Bint_Malindi: Assalaam alaykum jamani. Nyumba iko Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa, dari la boriti. Nina kandili mbili za shaba zenye vioo vya rangi na taa moja ya ukutani, waya zote zimekauka. Ukuta ukitobolewa unamung'unyuka, fisha (plagi ya plastiki ya kushikia skrubu) haishiki. Nataka mwanga wa njano, si ule mweupe wa dukani. Nianzie wapi?

FundiGlobu: Waalaykum salaam dada. Anza na waya, urembo baadaye. Ganda la mpira likikauka linapasuka, na shaba yote ya taa inakuwa na umeme. Toa waya wote wa zamani, weka wa nyuzi tatu, 0.75 mm², na ule wa kijani na njano ukazwe kwa skrubu kwenye mwili wa taa. Kuna mafundi wanaoukata huo wa tatu wakauficha, usikubali. Nyumba kama haina ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, ndiyo kazi ya waya huo wa tatu), taa isubiri. Waya unapopita kwenye tundu la shaba tia pete ya mpira, ukingo usikate ganda. Uzito ubebwe na mnyororo, waya ulegee.

Holda za kuzungusha (E27) ndizo zinazokosewa sana. Waya wa moto uende kwenye ncha ya katikati, nyutro kwenye duara la nje. Ukigeuza, taa inawaka vilevile, kwa hiyo kosa halionekani mpaka mtu ashike duara akibadilisha globu.

Chokaa_na_Mchanga: Ukutani zima nyundo ya drili, izunguke tu. Toboa kwenye jiwe, si kwenye kiungo: biti ya 6 mm kwanza, kisha 8. Tundu lililoharibika litoe vumbi, lilowanishe, lijaze chokaa 1 kwa mchanga 3 pamoja na kigingi cha mbao, usitundike kitu mpaka ishike barabara. Saruji hapana! Inafungia unyevu ndani, na plasta ya pembeni inabanduka.

Juu, kulabu iingie kwenye boriti yenyewe angalau sentimita 4, si kwenye mawe ya katikati. Mkoko ni mgumu: kwa kulabu ya 6 mm tanguliza tundu la 4 mm. Ila kwanza dunga msumari. Ukizama kilaini, mchwa keshaingia, hamia boriti nyingine.

Mtumbatu77: Globu chukua LED ya nyuzi, wati 4, 2700 K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikipungua mwanga unazidi kuwa wa njano). Wengi watakwambia 2200 K kwa sababu inafanana na taa ya mafuta, lakini mwanga huo una buluu kidogo mno, kioo cha buluu kitaonekana cheusi. Matundu ya juu ya kandili usiyazibe, joto ndilo linaloua LED. Juu ya meza acha sentimita 75, na mahali pa kupita watu iwe sentimita 210 kutoka sakafuni.

Skrubu za chuma zitachuruzisha kutu ukutani kwa hewa hii ya chumvi. Tumia za shaba, ila ni laini, zinakatika kichwa: tanguliza ya chuma ya saizi ileile, itoe, ndipo utie ya shaba.

Bint_Malindi: Ahsanteni sana. Na shaba niisugue kwa ukwaju?

Chokaa_na_Mchanga: Jaribu sumaku kwanza. Ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa shaba, ukwaju utakula rangi. Isiponata sugua, suuza, kausha mpaka kwenye mikunjo, la sivyo inaota kijani.

Mtumbatu77: Mie ningeiacha na weusi wake. Karibu na bahari hivyo, utasugua mpaka uchoke.

FundiGlobu: Ukiamua kusugua, fanya kabla ya kutia waya na holda mpya. Ukwaju ukiingia kwenye miguso ya holda unaila.