MAFUNDI MNAOCHOMOA SPEA ORIJINO KWENYE LAND ROVER ZETU, IPO SIKU MTAUA MTU PORINI

Wakuu habari zenu. Nina hasira mbaya kwahiyo mtanivumilia kama uzi utakuwa mrefu, ila nataka wenye Land Rover za zamani mnaozitumia kwa kupanda milima, kuvua, kulala porini na mambo kama hayo muusome wote.

Gari yangu ni Land Rover Series III, 109 (ile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ya mwaka 1978, petroli, injini ile ile ya 2.25 iliyotoka nayo kiwandani. Mimi ni mtu wa milima. Meru, Hanang, Gelai, Kitumbeine, Lengai, huko kote gari ndiyo inanifikisha chini ya mlima na ndiyo inanirudisha mji nikiwa sina hata nguvu ya kukanyaga klachi. Sijaweka injini ya Toyota, sijakata chesesi, na kila spea orijino iliyopo kwenye hiyo gari nimeihangaikia mwenyewe.

Sasa juzi kati oili ikaanza kuvuja mbele kulia, pale nyuma ya tairi kwenye lile tufe la chuma gurudumu linapokatia kona. Wenye hizi gari mnajua ni ugonjwa wa kawaida, sili ikizeeka au lile tufe likila kutu vidoti vidoti lazima oili itoke. Kubadilisha sili inabidi ufungue havu (kitovu cha tairi), na ukifungua havu lazima utoe loki, zile unazozungusha kwa mkono katikati ya tairi la mbele ili fowili (matairi yote manne kuvuta) ikamate. Za kwangu zilikuwa Fairey za Uingereza, za enzi zile, nzito, ukizungusha unasikia kabisa meno yanaingia. Nikapeleka gari gereji moja hapa Arusha, jina silitaji, nikaacha funguo, jioni nikaambiwa tayari mzee, nikalipa, oili kweli haivuji tena.

Wikiendi tukaondoka kwenda Lengai, ule mlima wa volkano. Njia ni ile ya Mto wa Mbu, Selela, Engaruka hadi Engare Sero, kijiji cha chini ya mlima, na wanaoijua wanajua kuanzia Engaruka ni vumbi la majivu ya volkano, mawe, na makorongo ya mchanga mmoja baada ya mwingine, bonde lote joto kama tanuri. Engaruka nikashuka nikafunga loki zote mbili kama kawaida yangu. Mbele huko tukaingia korongo pana, mchanga laini, gari ikaanza kuzama, nikasimama kabisa, nikavuta lever nyekundu nyuma ili nipate gia nzito na fowili, nikaachia klachi taratibu, matairi ya nyuma yakaanza kuchimba. Mwenzangu aliyeko nje ananipigia kelele zima zima, ya mbele hayazunguki. Nikashuka nikaangalia mwenyewe huku yeye anakanyaga mafuta. Ya nyuma yanarusha mchanga, ya mbele yamekaa kimya kabisa, hata kutikisika hakuna!!

Nikapiga jeki mbele. Loki imeandika imefungwa, nikazungusha tairi kwa mkono, linazunguka laini lenyewe tu na propela shafti ya mbele (ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele) haijasogea hata kidogo. Loki zikiwa nzima na umezifunga, fowili umeitoa na tairi la upande wa pili limekaa chini, ukizungusha tairi lazima na propela izunguke, hiyo haina mjadala. Nikafungua bolti za loki pale pale. Wakuu, ndani meno yamelika yote yamebaki mviringo, na siyo loki zangu. Zangu nilizigonga nukta tatu kwa senta panchi (kile chuma cha ncha kali cha kutia alama) upande wa ndani, kila moja, kwa sababu hii hii. Hizi hazina nukta yoyote. Nje wamezisugua zikang'aa, wakafunga na bolti zangu mimi, ili nikiangalia kwa juu nisishtuke. Nikafungua na ya upande wa pili, ambayo hata haikuwa na shida wala hakuna aliyetumwa kuigusa, na yenyewe imebadilishwa.

Huu ni wizi uliopangwa. Msiniambie fundi alichanganya spea.

Vijana wa Kimaasai wakatusaidia kuchimba na kusukuma, Mungu awabariki, lakini maji tuliyobeba kwa ajili ya mlima tukayamaliza pale pale juani. Lengai unaanza kupanda usiku wa manane ili ufike juu alfajiri kabla jua halijakuchoma kwenye ule mteremko, sisi usiku wa manane ndiyo kwanza tunaingia Engare Sero tumechoka kama mizigo. Safari ikafia hapo. Na hilo lilikuwa korongo kavu, ingekuwa mvua imenyesha huko juu na maji yanashuka tukiwa tumenasa katikati, leo huu uzi angeandika mtu mwingine.

Nimerudi mjini nikaenda gereji, jibu nililopewa ni "mzee gari yenyewe ya zamani hiyo, imechoka, spea zako ni hizo hizo." Nikauliza nukta ziko wapi, wakaanza kuangaliana. Nikafungua boneti mbele yao, kumbe hata kabureta (inayochanganya petroli na hewa) siyo yangu! Nilikuwa na Zenith safi kabisa niliyoisawazisha uso wake wa juu mwenyewe maana zile huwa zinapinda, sasa kuna kimeo kingine kimefungwa pale, ndiyo maana njia nzima gari inakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Nani alikutuma ufungue boneti wakati nimeleta uvujaji wa oili kwenye tairi?

Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha Oktoba 2024 kila mtu kajua hizi gari zina wapenzi wenye pesa, na mimi naamini kuna mafundi wamegeuza gari zetu kuwa stoo yao. Anachomoa kwako, anamuuzia anayetengeneza gari yake ya maonyesho, wewe unafungiwa takataka na unalipia ufundi juu.

Na wale mtakaokuja na "uza hilo uchukue mkonga" (Land Cruiser) tafadhali piteni kushoto. Land Cruiser ni gari nzuri sijakataa, lakini fundi mwizi hachagui bodi, na mimi hii gari siiuzi.

Kesho asubuhi naenda polisi na zile loki mbovu pamoja na risiti ya gereji. Ninachoomba kwenu, mtu yeyote wa Arusha, Moshi, Karatu au hata Dar akiletewa jozi ya loki za Fairey za Land Rover, azigeuze aangalie ndani, kama kuna nukta tatu za senta panchi zimejipanga pembetatu, asinunue, anitafute PM hata iwe saa nane za usiku. Na kama wewe ndiye uliyeshanunua bila kujua, sina ugomvi na wewe, nitakurudishia hela yako yote, nipe loki zangu na unitajie aliyekuuzia.