Naomba ushauri: nachora pwani ya Pangani lakini picha zinatoka kama za kadi za watalii

Mchoraji_Bweni
Wakuu, habari za humu. Nachora kwa akriliki mandhari ya kwetu Pangani: mdomo wa mto, pantoni, mashua, na mashamba ya mkonge ukielekea Tanga. Nataka nusu-dhahania, yaani mtu apatambue mahali lakini asianze kuhesabu majani. Nikipunguza vitu nabaki na mabaka ambayo hata mimi siyaelewi. Nikiacha mkono uende, inatoka minazi miwili na jua linazama. Na bluu yangu ya bahari inawaka mno. Nianzie wapi?

KisuChaRangi
Unachora ukiangalia picha ya simu? Kama ndiyo, anzia hapo. Simu haichagui, inakuletea kila kitu. Kaa ukingoni na penseli, chora visanduku vyenye ukubwa wa kiberiti, kimoja dakika mbili tatu. Finya macho mpaka vidogo vipotee, ubaki na sehemu tatu tu: penye mwanga, pa kati, pa giza. Kisanduku kisichoeleweka kwa penseli hakitaokolewa na rangi.

Na huo mkonge wako ni bahati. Mistari yote inakimbilia sehemu moja, udongo unaonekana katikati. Hapo hata hujapunguza kitu, shamba lenyewe limeshakupunguzia.

BintiMasika
Kuhusu bluu: kaka, nani kakwambia bahari ya hapo ni ya bluu mwaka mzima? Masika mto unashusha tope, maji ya mdomoni yanakuwa kama chai ya maziwa, mbele yanaingia ukijani, bluu iko mbali huko. Ule mpaka wa rangi peke yake ni picha. Bluu ya kwenye tyubu ikate kwa kahawia ya udongo au rangi ya machungwa kidogo, itatulia.

Babu_Turubai
Chora mtindo wa Tingatinga bwana, inauzika.

KisuChaRangi
Mzee wangu, hilo jambo lingine. Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 na vipande vya ubao na rangi za kung'aa, mnyama mbele, nyuma rangi tupu. Mandhari kule si mhusika. Bweni, wewe tafuta kazi za Sam Ntiro, Mchaga wetu aliyesoma Makerere na London. Vilima, migomba na watu kavirahisisha mpaka vimebaki maumbo, na bado unaona ni kijijini. Jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York, linayo kazi yake ya 1956. Halafu mwangalie Nicolas de Staël, mzaliwa wa Urusi aliyefanyia kazi Ufaransa. Miaka ya mwanzo ya 1950 alikuwa anapaka kwa kisu, vipande vinene vya rangi, lakini ukitazama unajua hii bahari, ile mbingu. Upeo wa macho, ule mstari wa bahari na mbingu, kauacha mahali pake. Hiyo ndiyo siri, kama ipo.

Mchoraji_Bweni
Asanteni sana. Sasa nikikaa nje na huu upepo wa kusi, rangi inakauka kabla sijachanganya.

BintiMasika
Tandika kitambaa kilicholowa kwenye trei, juu yake karatasi ya kuokea keki, changanyia hapo. Chupa ya kunyunyizia maji iwe karibu. Ila kukauka haraka kuna faida kwako: paka giza chini, likikauka weka rangi nyepesi juu, kisha ikwangue ikiwa mbichi kwa kadi ya benki iliyoisha muda. Mawimbi yanajitokeza bila kuchora wimbi hata moja.

Kitu kinachotambulika acha kimoja tu. Mimi ningeacha pantoni. Mashua kila mtu anachora.

Babu_Turubai
Haya, na mimi nichangie la maana. Usimalize kanvasi kwa majaribio. Nunua hadibodi, ipige msasa, paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili. Kwa mazoezi inatosha. Ya kuuza weka praima yenyewe, ile rangi ya kwanza ya kuandaa ubao.