Ala za Kikorea na za Kizungu pamoja: Isang Yun, CMEK au Park Jiha, nianze na yupi?

Mwana_Fidla: Wakuu habari zenu. Mi napiga fidla kwenye kikundi cha taarab huku Unguja, siku hizi nimenogewa na hizi kazi za Wakorea wanaoweka ala zao pamoja na selo, klarineti, saksafoni n.k., vikundi vya watu wachache sio okestra. Nimetajiwa mtunzi Isang Yun, kikundi cha CMEK (Contemporary Music Ensemble Korea) na mwanamuziki Park Jiha. Anayeanza aanze na yupi? K-pop sitaki tafadhali.

Baharia77: Isang Yun mkuu, hakuna mjadala. Kazaliwa Korea 1917, akaenda kuishi Ulaya, 1967 majasusi wa Korea Kusini wakamteka Berlin wakampeleka Seoul akafungwa, wakubwa wa muziki kina Stravinsky wakapiga kelele mpaka akaachiwa 1969, akarudi Ujerumani na huko ndo kafia 1995. Sikiliza Piri ya 1971. Ni obo tupu, lakini jina ni la zumari la Kikorea, noti moja inashikwa inatikiswa inapindwa weee mpaka unasahau unasikiliza obo.

BintiSeremala: Kaka hapo hujamjibu. Kaulizia ala zilizochanganywa, kwenye hiyo Piri hakuna hata uzi mmoja wa Kikorea 😂 CMEK ndio wenyewe, wapo toka 1998, kaanzisha Jiyoung Yi mpiga gayageum (ala ya nyuzi ya Kikorea, inalazwa na kudonolewa), na watunzi wanawaandikia kazi mpya kabisa sio kuchukua nyimbo za zamani na kuziwekea piano nyuma.

Fundi_Nyuzi: Naomba niingilie. Kabla hujachagua mtu angalia gayageum gani inapigwa. Ya asili ina nyuzi 12 za hariri, kila uzi umekalia kidaraja chake cha mbao unachokisogeza ukitaka kutyuni. Mkono wa kulia unadonoa, wa kushoto uko ng'ambo ya kidaraja unakandamiza uzi, kwa hiyo sauti inapinda ikiwa tayari imeshatoka, wenyewe wanaita nonghyeon. Sasa weka piano pembeni. Piano haipindi, noti zake ziko palepale, alafu hariri ina sauti ndogo inamezwa yote. Ndo wakaja na gayageum ya nyuzi 25, nyuzi za sintetiki, skeli ya noti saba, inaenda na piano bila ugomvi. Na hapo ndo mi napokereka, wengi wanaishia kuipiga kama kinubi, arpejio (noti za kodi zikipigwa mojamoja) mwanzo mwisho, mkono wa kushoto nao unadonoa badala ya kupinda. Wanauita mchanganyiko wakati Mkorea peke yake ndo kahama kwake. Tafuta ya 12 na selo, selo haina freti (vile vigawanyo vya shingoni kama vya gitaa) inaweza kumfuata.

Mwana_Fidla: Fundi shukrani sana, hii ya mkono wa kushoto nimeielewa vizuri mno, hata sisi kinanda kikiingia fidla inabidi ijibane. Park Jiha je?

BintiSeremala: Huyo anapiga piri, saenghwang (ile ya kupuliza yenye mianzi mingi) na yanggeum ya nyuzi za kugonga kwa vijiti. Albamu yake Communion ina vibrafoni, saksafoni na klarineti besi. Taratibu, inajirudiarudia, usiku inakaa poa. Kwangu tamu mno, nusu saa nishalala.

Baharia77: Ndo raha yake dada, kwani lazima muziki ukuumize kichwa?

kijana_wa_mbezi: Ile bendi ya Jambinai mbona hamuwataji?? Haegeum (fidla ya Kikorea ya nyuzi mbili), geomungo (ya nyuzi sita, inalazwa) na gitaa la umeme, wapo toka 2009 na walipiga kwenye kufunga Olimpiki ya baridi Pyeongchang 2018

Fundi_Nyuzi: Nawapenda ila ile ni roki mdogo wangu, drams na ampu. Mwenzio kaomba vikundi vya kukaa kwenye viti.

kijana_wa_mbezi: Wale nao wanapiga wamekaa 😅

Mwana_Fidla: Hahaha haya. Naanza na CMEK basi, hasa zile zenye gayageum ya 12 na selo, Yun atafuata. Natafuta kwa jina hilohilo au la Kikorea?

BintiSeremala: Hilohilo. Ila vaa hedifoni, kwa spika ya simu ule mpapaso wa hariri hutousikia kabisa.