Tango za kusuta wenye maringo na za kulilia mtaa: nichague zipi?

Mtangazaji_Dom
Wakuu, heshima kwenu kutoka Dodoma. Naandaa kipindi cha nusu saa cha zilipendwa za nje, safari hii nyimbo za tango, muziki wa dansi wa Buenos Aires, Argentina. Za mapenzi matupu sitaki. Nataka zinazowasuta waliotoka uswahilini wakajifanya wa ushuani, na zinazolilia mtaa wa zamani. Msikilizaji hajui Kihispania.

Kondoa_Kwetu
Mkuu, anza na "Margot", maneno ya Celedonio Flores. Binti alikuwa Margarita, siku hizi anajiita Margot, jina la Kifaransa. Ila usiishie kwenye jina, mwoneshe msikilizaji yule mama: wiki nzima anafua ili chungu kikae mekoni, kwenye nyumba ya wapangaji inayowashwa koroboi. Kisha unganisha "Niño bien" ya 1927. Kijana anavuta tumbaku ya Kiingereza, nywele kazilaza kwa mafuta, anadai katoka familia bora. Anakumbushwa kwamba kazaliwa kwenye koroboi vilevile. Hiyo taa ndiyo msuto wenyewe.

FundiSanturi
Hapo sawa, lakini angalia rekodi. Bendi za dansi za miaka ya 1940 zilirekodi kwa ajili ya wachezaji: mwimbaji mara nyingi anaingia katikati, anaimba ubeti na kiitikio, kisa kinakatika. Halafu kuanzia 1943 serikali ya kijeshi iliibana lunfardo, lugha ya mtaani, redioni. Maneno yakasafishwa, ndiyo maana unayosoma mtandaoni wakati mwingine hayalingani na unayosikia. Za kusuta chukua za mwimbaji Carlos Gardel na magitaa, miaka ya 1920. Upande mmoja wa santuri ni kama dakika tatu, kwa hiyo nyimbo tano zinatosha, vinginevyo hutapata nafasi ya kuongea.

Na msimwamini sana msutaji. Katika "Mano a mano" ya 1923 jamaa kaachwa, mwanamke kafuata pesa. Anajifanya hana kinyongo, kumbe anapiga hesabu: hatudaiani, na kadeni kakibaki mwandikie huyo bwege uliye naye. Mwenye maringo hapo ni nani?

Mtangazaji_Dom
Hahaa, huyo naye! Na za kulilia mtaa?

Kondoa_Kwetu
"Volver" ya Gardel na Alfredo Le Pera: mtu anarudi na mvi, anajipa moyo kwamba miaka ishirini si kitu, huku anaogopa kukutana na aliyoyaacha. Na "Sur" ya 1948, maneno ya Homero Manzi, muziki wa Aníbal Troilo, kaimba Edmundo Rivero. Hizi hata rekodi za bendi ruksa. "Sur" inataja kona ya barabara za San Juan na Boedo, kona ya mhunzi, na tope.

FundiSanturi
"Sur" iweke mwisho, mkuu. Ukiitanguliza, watu watadhani mtaa ule ulikuwa raha tupu. Wakishasikia habari za yule mama mfuaji, watajua tope linaloliliwa ni lipi.