Datsun 240Z ya 1972: taa za mbele zinazima zenyewe, kijiti cha usukani kinanuka plastiki

Mwana wa Likoni

Salaam wakubwa. Ninayo 240Z niliyoachiwa na marehemu ami yangu, ambaye tangu Zeti, yaani 240Z, ishinde mbio za Safari Rally 1971, ikarudia tena 1973, hakutaka kusikia gari jingine. Injini haina neno. Shida ni taa za mbele. Dimu, zile za chini, ni hafifu, manjano kama kibatari. Nikitia fulu, zile za juu, zinawaka dakika kumi hivi, kisha zote mbili zinazima kwa mpigo. Juma lililopita zimenizimikia kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo, lori linakuja mbele, mke wangu pembeni anasoma kila dua anayoijua. Nikikichezea kijiti cha usukani zinarudi. Kijiti chenyewe hakishikiki kwa joto. Fyuzi haijakatika hata mara moja.

Fundi mmoja alitia tesa, kile kitaa cha kupimia moto, kwenye soketi ya taa, akasema moto uko pini zote tatu, kwa hivyo balbu ndizo mbovu. Nikanunua mpya. Sasa nasema afadhali jana. Nianzie wapi kabla sijang'oa dashibodi?

Gia Tano

Uza hayo makumbusho kaka. Kama huuzi, tia balbu za LED, zinakula umeme kidogo, yamekwisha.

Fundi Waya

Gia Tano, hayajakwisha. LED nyingi huchagua chanya na hasi, na kwenye gari hili waya za taa zimegeuzwa. Hata zikiwaka, kwenye taa za mviringo za inchi 7 mwanga unatawanyika ovyo, unampofusha wa mbele na wewe huoni kitu.

Mwana wa Likoni, fundi wako hakukudanganya, kadanganywa na tesa. Kwenye Zeti kijiti cha fulu na dimu hakikati moto, kinakata ethi, yaani njia ya kurudi hasi ya betri. Pini moja ya balbu inapata moto wakati wote taa zikiwashwa. Mbili zilizobaki zinashuka hadi kwenye kijiti, nacho ndicho kinachochagua ipi ifike ethi. Ile isiyochaguliwa, moto unapenya ndani ya balbu na kusimama pale kwenye pini, basi tesa inawaka. Na iliyochaguliwa, ethi yake ikiwa mbovu, tesa inawaka kidogo pia. Nimeona watu wakibadilisha balbu mara tatu kwa kosa hili hili.

Tena gari hili lilitoka kiwandani bila rilei za taa, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa. Umeme wote unapita kwenye boksi la fyuzi, swichi, nyaya za miaka hamsini, halafu unarudi kwa njia ya kijiti. Vishaba vya ndani ya kijiti, vile vinavyogusana kupitisha umeme, vikishika kutu vinapata joto, vikipata joto vinaachana. Ndizo dakika kumi zako. Na hewa ya chumvi ya Mombasa haisaidii.

Pima hivi. Washa injini, washa dimu, soketi usiichomoe, ingiza ncha za maltimita kwa nyuma yake. Pima betri kwanza. Kisha chanya ya betri hadi pini ya moto. Kisha pini ya dimu hadi hasi ya betri. Lete namba, na uniambie balbu ulizonunua ni wati ngapi.

Mwana wa Likoni

Betri volti 13.8. Upande wa moto 1.1, upande wa ethi 1.8. Balbu zimeandikwa 100/90, wati za fulu na za dimu. Muuzaji aliniapia zitafika mpaka Malindi kabla yangu.

Fundi Waya

Ehe! Nilijua kuna jambo hujalisema. Ukitia fulu, wati 100 mara mbili ni karibu ampia 17 kwenye kijiti hicho kizee. Na zile 1.1 na 1.8 ni volti zinazopotea njiani, kwa hivyo kwenye dimu balbu yenyewe inapata volti 10.9 tu. Mwanga wa halojeni hauteremki pole pole pamoja na volti, unaporomoka. Hapo umebaki na chini ya nusu.

Rudisha balbu za 60/55. Kisha rilei mbili za ampia 30, ya dimu na ya fulu, karibu na betri. Waya wa zamani wa moto na waya wa zamani wa dimu viingie kwenye koili, upande wa kuiwasha, ya rilei ya dimu; fulu hivyo hivyo. Moto mpya utoke betri kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, kila rilei na fyuzi yake ya ampia 15, tena fyuzi ikae hapo hapo betri, si mwisho wa waya. Kutoka rilei nenda pini ya dimu na pini ya fulu. Ile pini iliyokuwa ya moto sasa iwe ya ethi: piga msasa bodi mpaka chuma king'ae, funga kwa nati, paka grisi. Usikate waya wowote wa ami, siku moja utautafuta.

Kijiti nacho ukifungue, usafishe vile vishaba taratibu.

Mwana wa Likoni

Nimemaliza jana magharibi. Kwenye balbu napata volti 13.4, kijiti ni baridi kama mtungi. Nimekwenda Kilifi na kurudi, mke kalala njia nzima.

Ila sasa honi haipigi.

Fundi Waya

Fungua tena usukani. Kuna waya umeusahau.